Akili ni Amana: Dawa za Maradhi ya Akili mbele ya Imani za Kindu

Pale kijana anapoanza kuzungumza na watu wasioonekana, kukesha usiku kucha na kuwashuku wazazi wake kwamba wanataka kumuua, swali ambalo familia nyingi za Kindu hujiuliza ni la dini kabla halijawa la tiba: ni nani anayesema ndani ya mtu huyu? Katika mji huu mkuu wa jimbo la Maniema, uliogawanywa na mto Lualaba, komuni za Kasuku na Mikelenge zikiwa ng'ambo ya magharibi na Alunguli ng'ambo ya mashariki, msikiti, parokia ya Kikatoliki, kanisa la Wakimbangu na chumba cha maombi cha kanisa la uamsho vyote vina jibu la swali hilo, na vyote viko karibu na nyumba ya mgonjwa kuliko daktari wa akili. Makala haya yanapima jambo moja lililo ndani ya swali hilo, nalo ni kama dawa inayonyamazisha sauti hizo humwingilia Mungu katika kazi yake, humpunguzia mgonjwa imani, au huingia katika yale ambayo imani yenyewe inayaamuru. Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba akili ni amana aliyokabidhiwa mwanadamu, kwamba kumrudishia mtu akili yake ni kumrudishia uwezo wa kusali, wa kukubali na wa kukataa, na kwamba kila tiba, iwe ya kidonge, ya maombi au ya kisomo, inastahili kuhukumiwa kwa kipimo hicho hicho.

Skizofrenia, ugonjwa unaotajwa zaidi katika mjadala huu, ni maradhi ya akili ya muda mrefu ambamo mgonjwa hupotewa na mpaka unaotenganisha kinachotoka ndani ya nafsi yake na kinachotoka nje. Kupotewa na mpaka huo ndiko wataalamu wanakokuita saikosisi, na saikosisi inaweza kumpata pia mtu mwenye maradhi ya hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, mama aliyetoka kujifungua, au mvutaji wa bangi kali. Dalili zake zinazoonekana upesi ni maluweluwe, yaani kusikia au kuona kisichokuwapo, hasa sauti zinazomsema mgonjwa au kumwamrisha. Nyingine ni dhana potofu zisizong'oka hata zikikabiliwa na ushahidi. Na maneno yanayopoteza mfuatano. Nyuma ya hizo huja dalili za kimya kimya, kama vile kukosa ari, kutojali usafi na kuwa na uso usioonyesha furaha wala huzuni, ambazo jamaa huzidhania kuwa uvivu au kiburi. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba watu wapatao milioni 24 ulimwenguni wana skizofrenia, yaani takriban mtu 1 kati ya 300, na ugonjwa huanza mara nyingi mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, umri ambao kijana amekwisha kutumiwa fedha za masomo, ameanza kutajwa katika mipango ya ndoa, na anatazamwa na wajomba na baba wadogo kama nguzo ya kesho. Si ajabu, basi, kwamba pigo linaloangukia umri huo hutafutiwa mpigaji.

Mpigaji huyo hutafutwa katika lugha ambayo jamii inayo. Mgonjwa wa Ulaya husikia polisi au mitambo ikimfuatilia. Mgonjwa wa Maniema, ambako Uislamu uliingia pamoja na Kiswahili katika nusu ya pili ya karne ya 19 kupitia wafanyabiashara wa pwani waliokaa Nyangwe na Kasongo, na ambako baadaye wamisionari walijenga parokia na shule, husikia jini, mzimu, mchawi wa ukoo, malaika au Mungu mwenyewe. Yaliyomo katika sauti hubadilika kwa kufuata nchi na dini, lakini namna yenyewe ya kusikia, kushuku na kuvurugika hufanana kwa kiasi kikubwa kila mahali, na jambo hilo lina maana mbili ambazo hazipaswi kutenganishwa: dini haisababishi ugonjwa kwa sababu tu ugonjwa umevaa maneno ya dini, na vilevile maneno ya dini yanayotoka kinywani mwa mgonjwa hayathibitishi kwamba chanzo chake ni cha dini.

Kwa watu wa Maniema, wazo kwamba kitu kidogo ndani ya mwili kinaweza kugeuza mwenendo mzima wa mtu halipaswi kuwa geni. Jimbo hili limewahi kuujua ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, ambao vimelea vyake vikifika kwenye ubongo humfanya mgonjwa alale mchana na kukesha usiku, awe mkali kwa watu aliokuwa akiwapenda, achanganyikiwe na aseme ovyo, hata watu wamdhanie amerogwa. Kongo ndiyo nchi inayobeba sehemu kubwa ya wagonjwa wa malale duniani, na tangu mwishoni mwa mwaka 2018 imeidhinisha feksinidazoli, dawa ya kumeza ambayo imewaondolea wagonjwa wengi mateso ya matibabu ya zamani. Hakuna imamu wala padri anayesema leo kwamba kumtibu mgonjwa wa malale ni kupigana na mapenzi ya Mungu, ijapokuwa kinachotibiwa ni pamoja na hasira yake, usingizi wake na maneno yake. Aliyekubali hilo amekwisha kukubali msingi wa jambo: mwenendo, ambao watu huuhesabu kuwa mali ya roho, unaweza kuharibika kwa njia ya mwili na kutengenezwa kwa njia ya mwili, na roho isipungukiwe heshima yake. Skizofrenia haina kimelea kinachoonekana kwa darubini, na hapo ndipo shaka ya watu inapopata nafasi, lakini kutoonekana kwa chanzo si ushahidi wa mchawi.

Dawa zinazozungumziwa hapa, ambazo wauguzi wa Kongo kwa kufuata Kifaransa huziita niuroleptiki, zilianza katika maabara ya Ufaransa. Mnamo Desemba 1950 mkemia Paul Charpentier wa kampuni ya Rhône-Poulenc alitengeneza kloropromazini. Daktari wa upasuaji Henri Laborit, aliyekuwa akitafuta njia ya kuwakinga wagonjwa wake na mshtuko wa upasuaji, akaona kwamba iliwapa utulivu wa pekee bila kuwalaza kabisa. Na mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris wakawapa wagonjwa wa saikosisi na kuona fujo, sauti na hofu zikipungua. Dawa ya pili iliyo maarufu katika vituo vya afya vya Afrika, haloperidoli, ilitoka Ubelgiji: Paul Janssen na wenzake waliitengeneza Beerse mwaka 1958, miaka miwili kabla ya Kongo kupata uhuru kutoka kwa Ubelgiji hiyo hiyo. Katika mkoa ule ule wa Antwerp uliko mji wa Beerse uko pia mji wa Geel, ambako tangu zama za kati mahujaji waliwapeleka wagonjwa wa akili kwenye kanisa la Mtakatifu Dymphna, na ambako familia za mji zimezoea kwa karne nyingi kuwapokea wagonjwa hao majumbani mwao na kuishi nao. Wale wanaodhani kwamba dawa ni ya wazungu wasio na Mungu na maombi ni ya Waafrika wana la kujifunza kutoka Geel, maana mji huo haukuacha kuwapokea wagonjwa pale vidonge vilipokuja, na familia zilizowapokea ziliendelea kuwa sehemu ya tiba.

Dawa hizi hufanya kazi hasa kwa kuziba vipokezi vya dopamini, kemikali ambayo chembe za neva hutumia kupelekeana habari ndani ya ubongo. Arvid Carlsson wa Uswidi, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, ndiye aliyefungua njia ya maelezo hayo mwaka 1963. Kuna maelezo ya baadaye, yaliyotolewa mwaka 2003 na mtaalamu Shitij Kapur, ambayo msomaji wa dini anapaswa kuyatafakari kwa makini, kwa sababu yanagusa jambo analolijua. Dopamini, kwa maelezo hayo, husaidia kuyapa mambo uzito: ndiyo inayofanya jina la mtu likisemwa katikati ya kelele za soko limgutushe, na sauti nyingine zimpite. Inapozidi mahali pasipo pake, kila kitu hupata uzito usio wake; kikohozi cha jirani, rangi ya pagne ya mama anayepita, neno la redioni, vyote vinakuwa ishara, na vyote vinamhusu mgonjwa peke yake. Akili ya binadamu haivumilii ishara zisizo na maelezo, hivyo hujenga hadithi ya kuziunganisha, na hadithi hiyo ndiyo jamaa wanayoisikia. Dawa haiingii ndani ya hadithi na kuifuta. Hupunguza uzito wa ishara, na hadithi, ikikosa chakula, hufifia polepole kwa majuma na miezi, wakati mwingine bila kwisha kabisa.

Muumini naye ni msomaji wa ishara. Anafundishwa kuona rehema katika mvua na onyo katika msiba, na mtu anaweza kuogopa kwamba dawa inayopunguza uzito wa ishara itampunguzia pia uwezo wa kumwona Mungu katika mambo ya dunia. Hofu hiyo haistahili kubezwa. Lakini katika dini zote mbili kubwa za Kindu, ishara ya kweli humwacha aliyeipokea akiwa na uwezo wa kuipima, kuuliza wengine, kusubiri, hata kuishuku nafsi yake. Ishara ya ugonjwa humnyang'anya uwezo huo wote kwa pamoja na kumfungia ndani ya maana moja isiyojadiliwa. Kwa sababu hiyo hiyo, mwongozo wa kimataifa wa kutambua magonjwa hautoshelezwi na mtu kusema kwamba amesikia sauti: hudai dalili kadhaa zilizodumu sehemu kubwa ya muda kwa mwezi mmoja au zaidi, na daktari mwenye busara huangalia kama mtu huyo bado anakula, analala, anafanya kazi na anaelewana na watu wa imani yake, ambao ndio wa kwanza kujua pale ndugu yao anapotoka nje ya imani yao hiyo.

Hoja ya Kiislamu ina uwazi ambao hautumiwi vya kutosha katika mimbari. Wanazuoni wa misingi ya sheria, akiwamo al-Ghazali aliyefariki mwaka 1111, walifundisha kwamba sheria yote imekuja kulinda mambo matano: dini, uhai, akili, kizazi na mali. Ulevi umeharamishwa kwa sababu unafunika akili, na mwendawazimu ameondolewa wajibu wa ibada mpaka akili imrudie, jambo ambalo kila mwanafunzi wa madrasa amelisikia katika mafundisho kuhusu kalamu ya kuandika amali iliyoinuliwa kwa watu watatu, mwendawazimu akiwamo. Kutokana na hayo linazuka swali la kifiqhi linalostahili jibu la moja kwa moja: je, dawa inayobadilisha hali ya ubongo iwekwe upande wa kileo au upande wa ulinzi wa akili? Jibu linapatikana kwa kutazama inachokifanya kwa aliye mgonjwa. Kileo humtoa mwenye akili timamu katika wajibu wake. Dawa, ikitolewa kwa kipimo kinachofaa, humrudisha katika wajibu mtu ambaye ugonjwa ulikuwa umemtoa. Aliyesalimika hata akaweza kuhesabu rakaa zake na kujua kwamba wakati wa adhuhuri umeingia hajapungukiwa na dini; amerudishiwa mlango wa kuiingilia. Hili halikuwa geni kwa Waislamu wa kale: Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kinachojadili afya ya mwili na ya nafsi pamoja, na hospitali ya Sultani Qalawun iliyofunguliwa Cairo mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili, ikigharimiwa na wakfu. Hata Ramadhani haileti ugumu ambao watu huufikiria, kwa sababu mgonjwa ameruhusiwa kutofunga, na kwa sababu dawa kadhaa za saikosisi zinaweza kumezwa mara moja kwa siku, usiku, kwa kupanga na muuguzi kabla mwezi haujaandama. Lithiamu, inayotumiwa katika ugonjwa wa hisia, ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa zaidi, kwa kuwa mwili ukikaukiwa maji inaweza kugeuka sumu.

Kwa upande wa Wakristo, mara nyingi hutajwa yule mtu wa nchi ya Wagerasi aliyekaa makaburini na kuzikata minyororo aliyofungwa, na anatajwa kana kwamba habari yake inathibitisha kwamba kila wazimu ni pepo. Wanaomtaja hivyo hawafiki mwisho wa habari, ambapo alama ya uponyaji ni kwamba mtu huyo ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, na anarudishwa kwa watu wa nyumbani kwake. Hicho ndicho kipimo ambacho Injili inakitoa, na mahali popote ambapo mgonjwa ameketi, amevikwa, ana akili zake na amerudishwa nyumbani, Mkristo ana haki ya kuona kazi ile ile hata kama imepitia mikononi mwa muuguzi. Kanisa Katoliki lenyewe limeweka mipaka ambayo waumini wengi hawaijui: kanuni ya 1172 ya sheria yake inakataza mtu yeyote kupunga pepo kihalali bila ruhusa maalumu ya askofu, kitabu cha ibada cha mwaka 1614 kiliwaonya mapadri wasiamini upesi kwamba mtu amepagawa, onyo lililorudiwa katika kitabu kipya cha mwaka 1999, na katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba ugonjwa, hasa ugonjwa wa akili, ni jambo jingine linaloihusu sayansi ya tiba. Makanisa mengi ya uamsho hayana askofu wa kutoa ruhusa, na hapo ndipo hatari ilipo kubwa zaidi, kwa kuwa mchungaji mmoja mwenye sauti kubwa anaweza kuamua peke yake, katika chumba kimoja, kwamba msichana anayetetemeka ana pepo wa bibi yake. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inaadhibu kumtuhumu mtoto uchawi, na wachungaji wanapaswa kufundishwa sheria hiyo kama wanavyofundishwa Maandiko.

Wafumu, yaani waganga wa jadi, hawawezi kuachwa nje ya hesabu hii. Katika misitu ya bonde la Kongo huota mti uitwao kitaalamu Rauvolfia vomitoria, ambao waganga wa nchi kadhaa za Afrika wameutumia kuwatuliza wenye wazimu. Gome la mizizi yake lina reserpini, kemikali iliyotengwa mwaka 1952 kutoka kwa mmea wa India wa jamii hiyo hiyo, na ambayo Nathan Kline wa Marekani aliitumia hospitalini kwa wagonjwa wa saikosisi mnamo 1954. Ina maana kwamba mganga aliyechemsha mizizi na kusoma maneno juu yake alikuwa, bila kuwa na jina la kemikali, akigusa ubongo kwa dawa. Reserpini imeachwa katika tiba ya saikosisi, kwa sehemu kwa sababu ya madhara yake, na si busara kurudi kwenye mizizi isiyopimwa. Lakini historia hiyo inavunja dai kwamba kutibu wazimu kwa dawa ni desturi ya kigeni inayogongana na roho ya Kiafrika.

Kuna pingamizi zito kuliko hayo yote, nalo linatoka katika siasa na historia. Kama dawa inaweza kunyamazisha sauti, ni nani anayeamua sauti ipi inyamazishwe? Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimpeleka Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa aliyewataka watu wake wakatae amri za wazungu, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mjini Nairobi, akakaa huko hadi 1947. Dawa hizi zilikuwa hazijagunduliwa. Zingekuwapo, pengine Masinde angenyamazishwa kwa sindano. Jambo hilo si la kukisia tu, kwa maana katika Muungano wa Kisovyeti wapinzani wa serikali waliandikiwa skizofrenia isiyokuwapo, na mwanahisabati Leonid Plyushch alifungiwa hospitalini Dnipropetrovsk na kupewa haloperidoli mpaka alipoachiwa mwaka 1976. Watu wa Kongo, nchi ambayo Simon Kimbangu alifia gerezani Elisabethville mwaka 1951 baada ya miaka 30 ya kifungo kwa sababu ya mahubiri na uponyaji, wana haki ya kuwa macho. Yaliyompata Masinde na Plyushch yanadai kwamba ugonjwa usitambuliwe kwa kuangalia imani au siasa za mtu, na kwamba dawa itolewe kwa ajili ya mgonjwa, si kwa ajili ya raha ya wanaosumbuliwa naye. Lakini hayampi mtu yeyote ruhusa ya kumwacha kijana wa Alunguli akiteswa na sauti zinazomwamuru ajitose mtoni, eti kwa kuwa zamani nabii mmoja alifungiwa kimakosa.

Swali la ni nani hasa mtu yule anayetumia dawa linagusa falsafa kwa kina zaidi. Padri Placide Tempels, aliyefanya kazi miongoni mwa Waluba wa Katanga, alidai katika kitabu chake kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1945 kwamba kwa Mbantu kuwapo ni kuwa na nguvu ya uhai, na kwamba nguvu hiyo huongezeka au kupungua kwa mahusiano yake na wengine. Wanafalsafa wa Kiafrika, Fabien Eboussi Boulaga miongoni mwao, wamemkosoa kwa haki kwa kuwafanya watu wengi kuwa wazo moja lisilobadilika. Hata hivyo, kuna chembe ya ukweli ndani yake inayofaa hapa: mtu hajulikani akiwa peke yake. Wale wanaosema kwamba mgonjwa akimeza dawa si yeye tena hupenda kuufikiria utu kama kitu kilichofichwa ndani ya fuvu, ambacho kemikali hukichafua. Lakini mama anayemwona mwanawe akimwita tena kwa jina, akiuliza habari za nduguye aliyeko Kalima, akikataa chakula kwa sababu hakipendi na si kwa sababu ana hakika kimetiwa sumu, hamhesabu mtu huyo kuwa mgeni. Anamhesabu kuwa amerudi. Ushahidi wa wanaomjua mtu una uzito kuliko nadharia ya usafi wa ubongo.

Ushahidi huo huo, lakini, unapaswa kusikilizwa pia unaposema vibaya juu ya dawa, na hapa watetezi wa hospitali mara nyingi hunyamaza pasipofaa. Dawa hizi haziponyi ugonjwa, huudhibiti. Uchambuzi wa tafiti 65 uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika muda wa takriban mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia watu 27 kati ya 100 walioendelea na dawa, na watu 64 kati ya 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa: tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa, na bado inaonyesha kwamba wapo wanaoumwa tena wakiwa kwenye dawa na wapo wasiougua bila dawa. Haziondoi vizuri zile dalili za kimya kimya. Zinaweza kumletea mgonjwa kukakamaa na kutetemeka, kutotulia kunakomfanya ashindwe kukaa misa nzima au tahiyatu, unene na kisukari kwa baadhi ya dawa mpya, na baada ya miaka, mienendo ya ulimi na midomo isiyozuilika ambayo wakati mwingine haiondoki. Klozapini, inayosaidia pale nyingine zinaposhindwa, inaweza kuangusha chembe nyeupe za damu hadi kuua, na haipaswi kutolewa mahali pasipo na maabara ya kupima damu mara kwa mara.

Dhara moja linahitaji kuelezwa kwa urefu, kwa sababu katika mazingira ya Kindu linaweza kugeuka hukumu ya kidini. Saa au siku chache baada ya sindano ya haloperidoli, hasa kwa vijana wa kiume, misuli inaweza kukaza ghafla: shingo ikajipinda, macho yakageukia juu, ulimi ukatoka, taya zikafunga. Familia iliyoambiwa na mchungaji au mwalimu kwamba ndani ya kijana wao kuna jini anayechukia hospitali inaona mbele ya macho yake uthibitisho wa maneno hayo, inamtoa kijana kitandani usiku ule ule, na hairudi tena. Kumbe hali hiyo inajulikana vizuri, na huisha kwa muda mfupi kwa dawa kama biperideni au triheksifenidili. Muuguzi anayedunga sindano bila kuwatahadharisha jamaa na bila kuwa na dawa ya kutuliza misuli amewapa wapinzani wa tiba hoja wasiyokuwa nayo, na amemwongezea mgonjwa hofu juu ya hofu. Kusema kweli juu ya madhara kabla hayajatokea ni wajibu wa kimaadili wa kwanza wa anayetoa dawa, na imani ya watu kwa hospitali hutegemea ukweli huo kuliko ukali wa daktari.

Kutokana na hayo suala la ridhaa linapata sura yake. Minyororo ambayo baadhi ya vyumba vya maombi na nyumba za waganga huwafungia wagonjwa haina utetezi wowote, wala wa kidini wala wa kitiba. Padri Petrus Jozef Triest, mwanzilishi wa Mabradha wa Upendo, alianza kuwafungua wagonjwa minyororo mjini Ghent mwaka 1815, wakati ambapo dawa hizi hazikuwapo. Lakini dawa nayo inaweza kuwa mnyororo ikitolewa kwa kipimo kinachomlaza mtu tu ili asisumbue. Mgonjwa aliyetulia anapaswa kuulizwa, kwa lugha anayoielewa, ni nini anachopata na ni nini anachopoteza, kipimo kipunguzwe pale kinapomzidi, na ikifika siku ugonjwa ukirudi asiweze kuamua, yafuatwe yale aliyoyasema alipokuwa na akili zake. Kumlazimisha kwa muda mtu aliye hatarini kunaweza kuwa halali; kumlazimisha maisha yote bila kumsikiliza ni dhuluma, hata kukiitwa tiba.

Dawa za kwanza si ghali kama watu wanavyodhani. Kloropromazini, haloperidoli na flufenazini zilikuwamo katika orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1977, na mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2010 unaeleza namna muuguzi au daktari wa kawaida, asiye bingwa wa akili, anavyoweza kuzitoa, ikiwamo sindano ya flufenazini inayodumu majuma kadhaa, ambayo humfaa mtu anayeishi mbali na kituo cha afya. Hospitali maalumu zinazojulikana mashariki mwa nchi, kama Sosame ya Bukavu na Tulizo Letu ya Goma, zote zikiwa za Mabradha wa Upendo, ziko mamia ya kilomita kutoka Kindu, kwa barabara ambazo mvua huzifunga. Haki ya mgonjwa wa Kindu haiwezi kungoja barabara hizo. Inahitaji dawa tatu au nne za bei nafuu zisikosekane katika hospitali kuu na katika vituo vya afya vya kando za mto, muuguzi aliyefundishwa kuzitumia, na biperideni kwenye kabati moja nazo.

Na inahitaji viongozi wa dini waseme hadharani, katika hotuba ya Ijumaa na mahubiri ya Jumapili, mambo ambayo ni wao tu wanaoweza kuyasema yakaaminika: kwamba mtu anaweza kuombewa au kusomewa na kumeza dawa siku hiyo hiyo, kwamba mgonjwa asiyelala usiku kadhaa au anayetaja kufa apelekwe hospitali kwanza, kwamba hakuna anayefungwa minyororo katika nyumba ya Mungu. Kiongozi anayemwambia mgonjwa aache dawa ili athibitishe kwamba ameponywa anabeba dhima ya yatakayompata mtu huyo, mbele ya jamaa zake na mbele ya Mungu anayemhubiri.